Kuishi na Ndege Shambani Bila Kupoteza Mavuno: Mwongozo kwa Mkulima Mdogo

Mkulima wa mtama au mpunga aliyewahi kufika shambani alfajiri na kukuta kundi la kwelea limeinamisha masuke hahitaji kuelezwa kwamba ndege wanaweza kuiletea nyumba njaa. Hasara hiyo ni ya kweli, na mwongozo unaomtaka mkulima awatunze ndege bila kuitaja haustahili kusomwa. Hata hivyo, Kenya na Tanzania kila moja ina aina zaidi ya 1,000 za ndege, na wale wanaoweza kumtia mkulima wa nafaka hasara kubwa ni wachache sana, tena huifanya hasara hiyo katika majuma machache tu ya mwaka. Wengine wote huokota viwavi, panzi, mchwa na panya, huchavusha maua, huzoa mizoga na kueneza mbegu za miti. Anayewafukuza wote kwa kosa la wachache hujinyima vibarua asiowalipa.

Hatua zinazofuata zimekusudiwa mkulima mwenye ekari moja hadi kumi, anayechanganya nafaka, mazao ya kudumu na mifugo kidogo. Si lazima zote zifanyike katika msimu mmoja. Mwenye nafasi ya kufanya mbili tu na aanze na ya kwanza, inayohusu daftari, na ya sita, inayohusu sumu.

Hatua ya kwanza: Jua ni nani anayeishi shambani mwako

Kabla ya kupanda mti wowote au kununua wavu, tafuta daftari. Chagua njia moja inayopita katika sehemu zote za shamba: penye nafaka, penye migomba au kahawa, kwenye ua, kando ya mfereji na karibu na zizi. Itembee taratibu kwa nusu saa, kati ya saa 12 na saa 2 asubuhi, mara mbili kila mwezi, na uandike tarehe, zao lilivyofikia, ndege uliyemwona, idadi yake na alichokuwa akifanya. Hilo la mwisho ndilo lenye thamani kuliko yote. Ndege aliyetua juu ya gunzi la mahindi huenda anakula punje, na huenda pia anamtoa kiwavi aliyejificha ndani ya maganda. Mtu anayemtazama kwa dakika mbili atajua, na mtu anayemrushia jiwe papo hapo hatajua kamwe.

Usizuiwe na majina. Kiswahili kina hazina kubwa ya majina ya ndege ambayo vitabu vya shule havikutufundisha: yangeyange, kwarara, hudihudi, kwezi, shore, chozi, pasa, keremkerem, hondohondo, kigong'ota. Pale usipolijua jina la Kiswahili, andika lile la lugha ya nyumbani, na waulize wazee, kwa maana wengi wao waliamia mashamba utotoni, yaani waliyalinda dhidi ya ndege, na bado wanawatambua ndege kwa sauti hata kabla hawajawaona. Picha ya simu, hata ikiwa na ukungu, itakusaidia baadaye.

Daftari la mwezi mmoja halitoshi. Mbayuwayu wa Ulaya, keremkerem wahamao na korongo weupe huanza kufika kwetu kuanzia Septemba na Oktoba, na huondoka Machi na Aprili. Mvua za vuli zinapoanza na kumbikumbi kuruka, makundi ya kozi wadogo yanayotoka Asia kwa kuvuka Bahari ya Hindi hupita juu ya mashamba ya Kenya na Tanzania yakiwala wadudu hao angani. Anayetazama mwezi wa Agosti peke yake ataamini kwamba shamba lake halina wageni hao.

Hatua ya pili: Watenge kwa chakula chao na kwa wakati wao

Baada ya miezi mitatu, chukua orodha yako uigawe. Wapo walao wadudu, walao nafaka, walao matunda, wanyonya mbochi, yaani maji matamu ya maua, na wawindaji wa panya. Mgawanyo huu unasaidia, lakini usiufanye kuwa hukumu ya kudumu, kwa sababu ndege hubadili chakula kulingana na msimu. Kwera, ambaye wengine humwita mnana, hula mbegu akiwa mkubwa, lakini huwalisha makinda yake wadudu, kwa kuwa kinda hawezi kukua upesi bila protini. Hata kwelea mwenyewe huanza kuwalisha makinda wake wadudu. Kwa hiyo kundi la kwera linalojenga viota juu ya mti wa uani huenda linakuondolea mamia ya viwavi katika mwezi uleule ambao mahindi yako bado ni machanga, ingawa litachana majani ya migomba au minazi yako ili kupata nyuzi za kujengea.

Ushahidi wa kazi hii upo karibu nasi. Katika mashamba ya kahawa ya Mlima Kilimanjaro, watafiti walifunika baadhi ya matawi kwa nyavu ili ndege na popo wasiyafikie, wakalinganisha na matawi yaliyoachwa wazi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2014 yalionyesha kwamba pale ndege na popo walipofika, maua yaliyofanikiwa kuwa matunda yaliongezeka kwa asilimia 9. Mkulima wa kihamba, yaani shamba la nyumbani la Wachaga, hakulipa chochote kwa ongezeko hilo. Alichokifanya ni kutoikata miti mirefu iliyoachwa na babu zake juu ya migomba.

Yangeyange anayefuata nyayo za ng'ombe hula panzi wanaoruka kwato zinapopita. Kwarara na hudihudi huchoma udongo kwa midomo yao mirefu wakitafuta mabuu yanayokata mizizi. Korongo hushuka kwa mamia pale viwavijeshi wanapofumuka kwenye malisho. Tangu viwavijeshi vamizi walipogunduliwa barani Afrika mwaka 2016 na kuenea katika nchi zetu mwaka uliofuata, mkulima wa mahindi amekuwa na sababu mpya ya kumthamini kila ndege anayepekua majani ya katikati ya mmea.

Sasa andika orodha fupi ya wale wa kujihadhari nao, na mbele ya kila mmoja uandike wakati wake. Kanga, kwale na kunguru hufukua mbegu na kung'oa miche katika siku kumi hadi kumi na nne za mwanzo. Kwelea, kwera na shomoro hushambulia nafaka ndogo tangu punje inapokuwa na maziwa mpaka inapokauka. Pasa na shore hudonoa matunda yanayoiva, na pasa hula hata machipukizi ya mboga. Ukitoka hapo, utagundua kwamba kwa sehemu kubwa ya mwaka huna ugomvi na ndege yeyote.

Hatua ya tatu: Acha kingo za shamba ziwe hai

Shamba lililofyekwa hadi mpakani huonekana nadhifu, na desturi yetu humsifu mwenye shamba la namna hiyo. Lakini ndege wadogo walao wadudu hawawezi kuvuka uwanja mweupe bila kuwindwa na mwewe, kwa hiyo hawafiki katikati ya shamba ambako viwavi wako. Acha ukanda wa mita moja hadi mbili kuzunguka shamba, upande humo vichaka vya ua kama mchongoma, uviache vichanganyike na mimea ya asili yenye maua, na ukate upande mmoja tu wa ua kila mwaka. Ndege wengi wadogo huzaa wakati wa mvua na muda mfupi baadaye, kwa hiyo kata ua mwishoni mwa kiangazi, na kabla ya kushika panga pita ukichungulia kama kuna kiota chenye mayai. Usichome moto kingo wala mabua. Moto huua wadudu wenye manufaa, huteketeza viota vilivyo chini na kuuacha udongo wazi kabla ya mvua ya kwanza.

Kuna tahadhari moja ambayo wahifadhi wengi hawaisemi. Nyasi za mwituni zinapotoa mbegu kando ya mtama, uwele au mpunga, huwaita kwelea na kuwazoesha mahali hapo kabla hata zao lenyewe halijaiva. Ukanda ulio karibu na nafaka ndogo uwe wa vichaka na maua, na kama una nyasi, zifyeke kabla hazijatoa mbegu. Ukanda wa nyasi ndefu uuweke upande wa mahindi, mihogo au kunde, ambako kwelea hana cha kufuata. Punje ngumu ya mahindi ni kubwa mno kwa mdomo wake.

Hatua ya nne: Panda miti kwa kufikiria nani ataitumia

Mkaratusi hukua upesi na huuzika, nao mgrevilea huwapa chozi mbochi, lakini shamba lenye miti hiyo miwili peke yake lina ndege wachache. Ongeza miti ya asili kadiri eneo lako linavyoruhusu. Mkuyu huzaa matunda yanayowalisha shore, hondohondo, njiwa na wengine wengi hata katika miezi ambayo miti mingine haina kitu. Mringaringa hutoa kivuli kizuri kwa kahawa na maua yanayovuta nyuki. Mwamba-ngoma, ambao Wakikuyu huuita muhuti, huchanua maua mekundu yanayojaa chozi. Mgunga huongeza rutuba na hupendwa na kwera kwa miiba yake inayokinga viota. Miti mirefu iweke mbali na kitalu cha mpunga au mtama, kwa sababu kwelea hupenda kupumzika juu ya mti ulio karibu kabla ya kushuka kwenye masuke.

Mti uliokauka ukiwa umesimama usiukate haraka, ikiwa hauwezi kuangukia nyumba, zizi au njia ya watu. Vigong'ota huchonga matundu katika mbao hizo laini, na wakiyahama huingia kwezi, hudihudi na wengine wasioweza kuchonga wenyewe. Hondohondo huhitaji tundu kubwa zaidi, ambalo hupatikana katika miti mizee tu: jike huingia ndani, mlango huzibwa kwa udongo mpaka ubaki ufa mwembamba, na dume humlisha kupitia ufa huo kwa majuma mengi hadi makinda wakue. Mti mmoja mzee ukikatwa, familia ya namna hiyo haina pa kwenda, na mti mwingine wa kutosha hautapatikana katika maisha ya aliyeukata.

Hatua ya tano: Mkaribishe bundi

Panya shamba ndiye mwizi mkubwa wa mahindi katika sehemu nyingi za Tanzania. Hufukua mbegu mara tu zinapopandwa, na jike mmoja anaweza kuzaa watoto kumi au zaidi kwa mkupuo mmoja mvua zikiwa nzuri. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kilichoko Morogoro, kimemtafiti panya huyu kwa miongo kadhaa. Mwindaji wake mkuu wa usiku ni babewatoto, yule bundi mweupe mwenye uso wa umbo la kopa, ambaye hula panya wawili hadi wanne kwa usiku, na huhitaji wengi zaidi anapolea makinda.

Tunajua vizuri kwa nini hakaribishwi. Bundi akilia juu ya paa husemwa kuwa ameleta uchuro, na katika vijiji vingi huuawa kwa mawe. Hofu hiyo haiondolewi kwa kuwacheka wanaoiamini. Njia inayofaa ni kuwaonyesha jambo kwa macho yao. Bundi humeza panya mzima, kisha hutapika donge kavu la manyoya na mifupa; yaokote madonge hayo chini ya mti anaolala, yaloweke ndani ya maji, yafungue kwa kijiti mbele ya majirani na watoto, na muhesabu pamoja mafuvu ya panya. Kila fuvu ni la panya ambaye asingeacha kula mahindi yao. Bundi huja karibu na nyumba kwa sababu ghala na jiko huvuta panya, na dari huwa na mahali pa kulala.

Sanduku la bundi hutengenezwa kwa mbao za kawaida zisizopakwa rangi ndani. Liwe na urefu wa sentimita 60, upana wa sentimita 40 na kimo cha sentimita 45. Tundu la kuingilia liwe la sentimita 13 hadi 15, nalo liwekwe juu, sentimita 30 kutoka sakafuni, ili makinda wasianguke kabla ya kukomaa. Toboa matundu madogo sakafuni ya kutoa unyevu, weka paa lenye mteremko linaloning'inia mbele ya tundu, na upande mmoja uwe na bawaba ili uweze kulisafisha. Tandaza maranda ya mbao, unene wa sentimita tano. Litundike kwenye mti au nguzo imara, mita nne hadi sita kutoka ardhini, tundu likitazama upande ambao mvua na jua kali la alasiri havitokei.

Sanduku moja linatosha ekari 12 hadi 25, kwa hiyo si lazima kila mkulima awe na lake. Majirani watano wanaweza kuchangia moja na kukubaliana mahali pa kuliweka. Huenda likakaa mwaka mzima bila mgeni. Wakiingia nyuki badala ya bundi, jambo linalotokea mara nyingi kwetu, usiwachome moto. Mwite mfuga nyuki awahamishe jioni. Jike la babewatoto kwa kawaida hutaga mayai manne hadi saba, huatamia kwa siku 30 hivi, na makinda huruka baada ya majuma manane hadi kumi, kwa hiyo ukishaona dalili za kuzaa usilifungue sanduku kwa miezi minne.

Kwa mchana, simika nguzo zenye umbo la msalaba, zenye kimo cha mita tatu hadi nne, katikati ya shamba la mahindi au mboga. Mwewe mdogo mweupe mwenye mabega meusi, ambaye huning'inia hewani akipiga mbawa kabla ya kushuka juu ya panya, hupenda kutulia mahali pa namna hiyo. Pamoja na yote hayo, mlipuko mkubwa wa panya hauzimwi na bundi peke yao, kwa sababu panya huzaa haraka kuliko wawindaji wake. Fyeka vichaka vilivyo kando ya ghala, hifadhi nafaka kwenye mapipa au mifuko isiyopitisha hewa, na mtege panya pamoja kijiji kizima kabla ya kupanda.

Hatua ya sita: Iondoe sumu isiyo ya lazima

Hatua hii ina uzito kuliko zote, kwa maana sanduku la bundi lililowekwa karibu na chambo cha sumu ya panya ni mtego. Sumu za panya zinazozuia damu kuganda hukaa katika mwili wa panya kwa siku kadhaa kabla hajafa. Bundi, mwewe, paka au mbwa akimla, sumu hiyo huingia mwilini mwake na kujilimbikiza. Ukishaamua kuwa na bundi, acha kabisa sumu hizo shambani na utumie mitego.

Mbegu zilizopakwa dawa, ambazo huwa na rangi nyekundu, ya waridi au ya kijani, zifukie zote kwa kina cha sentimita tano, na zile zilizomwagika kwenye kichwa cha shamba zikusanye moja moja. Njiwa au kwale akila mbegu chache tu za namna hiyo anaweza kufa au kupoteza nguvu ya kuruka. Kabla ya kunyunyiza kiuatilifu, pita katika mistari mitano ya mahindi na ukague mimea kumi katika kila mstari. Ukikuta mashambulizi ni ya mimea michache, ua viwavi kwa mkono au unyunyize mimea hiyo peke yake. Nyunyiza jioni, upepo ukiwa umetulia, na usioshe bomba mtoni. Usinunue kamwe dawa iliyopunguzwa kwenye chupa ya soda isiyo na lebo, kwa sababu hujui kilichomo.

Ubaya wa sumu ulionekana waziwazi huko Bunyala, magharibi mwa Kenya, ambako wawindaji walitumia kabofurani, dawa ya wadudu ya punjepunje, kuua bata, korongo na njiwa kwenye majaruba ya mpunga, kisha wakawauza kama kitoweo. Sumu hiyohiyo iliwekwa kwenye mizoga ili kuua simba na fisi, na tai wakafa kwa makundi. Mwaka 2009 mtengenezaji wake aliiondoa kwenye soko la Kenya. Somo kwa mkulima ni kwamba ndege aliyeuawa kwa sumu haliki, hata akichemshwa kwa muda gani.

Ukikuta ndege kadhaa wamekufa mahali pamoja bila jeraha, usiwashike kwa mikono mitupu, usimpe mbwa, na usiruhusu mtoto awaokote. Piga picha, kumbuka mahali, kisha umjulishe afisa kilimo au afisa wa wanyamapori wa eneo lako. Mzoga wa mfugo nao usiutilie sumu kwa hasira ya chui au fisi aliyeua mbuzi. Tai mmoja hutaga yai moja kwa mwaka, na kundi likifa siku moja pengo lake halizibwi katika kizazi kimoja.

Hatua ya saba: Amia kwa mpango, usiamie kwa hasira

Kwelea domo-jekundu ana uzito wa gramu 20 hivi na anaweza kula au kuharibu hadi gramu 10 za nafaka kwa siku. Kwa ndege mmoja hilo si kitu; kwa kundi la ndege laki moja ni tani moja kila siku. Ulinzi wake huanza mwezi wa kupanda. Panda kwa wakati mmoja na majirani, kwa sababu shamba linaloiva peke yake, liwe la kwanza au la mwisho, ndilo linalobeba kundi zima. Palilia mapema ili mbegu za magugu zisiwavute. Mahali ambapo kwelea hufika kila mwaka, fikiria kupanda mtama mwekundu wenye ukakasi, ambao hawaupendi sana, au aina zenye ndevu ndefu kwenye suke, au uhamie mahindi kwenye sehemu ya shamba. Vuna mara nafaka inapokomaa. Kila siku ya kungoja ni siku ya kuwalisha.

Punje zikiingia maziwa, jenga dungu mahali penye mwinuko. Ndege hula zaidi kati ya saa 12 na saa 4 asubuhi, na tena kati ya saa 10 na saa 12 jioni, kwa hiyo nguvu ya walinzi iwekwe katika saa hizo, na adhuhuri mtu apumzike. Mikanda ya kaseti iliyovutwa vizuri huvuma upepo unapopita, na vipande vya bati hung'aa na kugongana. Sanamu ya mtu aliyevaa nguo husaidia kidogo. Vyote hivi huzoeleka, kwa hiyo vihamishe kila baada ya siku mbili au tatu, na uvichanganye na kelele na teo. Kwa kitalu kidogo cha mbegu, wavu unaofunika zao lote ndio ulinzi ulio bora, mradi uvutwe ukaze na ukaguliwe asubuhi na jioni ili ndege aliyenaswa aachiliwe. Na jambo ambalo halipaswi kunyamaziwa: zamu za kuamia zipangwe kati ya watu wazima wa kaya jirani, kwa sababu katika maeneo ya mpunga na mtama watoto wengi hukosa darasa kwa majuma mazima kwa ajili ya ndege.

Makundi makubwa hayawezi kushindwa na kaya moja. Ukiona mazalia au malalo ya kwelea kwenye migunga, matete au miwa, toa taarifa mapema. Kwa Tanzania, afisa kilimo ataifikisha kwa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Hakikisha kwanza kwamba ni kwelea kweli. Dume wakati wa kuzaa ana mdomo mwekundu na mara nyingi uso mweusi, na viota huwa maelfu, vidogo, vimesongamana. Viota vikubwa vya kwera vinavyoning'inia uani si mazalia ya kwelea. Dawa inayonyunyizwa na serikali juu ya malalo ni hatari kwa kila kiumbe kinachokula ndege waliokufa, hivyo wanakijiji wasiingie mahali hapo wala wasiokote kitoweo. Wilayani Kondoa watu huwatega kwelea kwa nyavu na kuwala; njia hiyo inapunguza ndege, inaleta kitoweo na haina sumu, nami naiona kuwa ya heshima zaidi kuliko ndege ya kunyunyizia, ilimradi wasiokusudiwa waachiliwe.

Hatua ya nane: Bonde na malisho

Mwenye shamba linaloteremka hadi bondeni asilime mpaka kwenye maji. Sheria ya Mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa, na matete yanayobaki hapo ni makao ya korongo taji, ndege wa taifa la Uganda, ambaye tangu mwaka 2012 amewekwa katika kundi la viumbe walio hatarini kutoweka. Hujenga kiota ndani ya maji ya kina kifupi, hutaga mayai mawili au matatu, na huyaatamia kwa mwezi mmoja hivi. Ukimwona akizunguka mahali pamoja kila siku, zuia mbwa, usikate matete ya hapo kwa miezi mitatu, na usikubali mtu achukue vifaranga kuwauza kama mapambo ya bustani.

Kwenye malisho, usiyageuze yote kuwa viazi. Uwanda wa Kinangop nchini Kenya ni ardhi ya watu binafsi, na ndani yake anaishi ndege mdogo mwenye kifua cha njano, Macronyx sharpei, asiyepatikana nje ya Kenya. Hujenga kiota chini, ndani ya mashada ya nyasi, na nyasi zikilimwa hahamii kwenye viazi, bali hutoweka. Mfugaji anaweza kumhifadhi kwa kulisha ng'ombe na kondoo kwa zamu na kuyaacha mashada marefu katika robo ya malisho wakati wa mvua.

Hatua ya tisa: Rudi kwenye daftari

Endelea kutembea njia ileile kwa saa zilezile. Kila mwisho wa msimu andika magunia uliyovuna, pesa uliyotumia kwa dawa, siku za kuamia na aina za ndege ulizoziona, katika ukurasa mmoja. Mabadiliko ya mwaka mmoja huenda yameletwa na mvua tu, kwa hiyo linganisha baada ya miaka mitatu. Aliyeko Kenya anaweza kupeleka orodha zake kwa mradi wa Kenya Bird Map, unaokusanya kumbukumbu za watazamaji kutoka kila pembe ya nchi. Sanduku la bundi lisafishe mara moja kwa mwaka, likiwa tupu: ziba pua na mdomo kwa kitambaa kwa sababu ya vumbi la kinyesi, toa maranda ya zamani uyafukie kwenye shimo la mboji, na kabla ya kuyafukia chagua madonge machache uyakaushe na kuyatia kwenye mkebe, ili jirani atakayeuliza kuhusu bundi apate cha kufungua kwa kijiti.